Zamda Mdoe, Aliyetolewa Majini

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto. Aliye dukani amwombe mteja asubiri kidogo. Leo ninamkumbuka mtu mmoja, na sitaki mnisikie nusunusu. Mimi ni Maryamu, na kipindi hiki ni kigumu kwangu kukisoma.

Jina lake ni Zamda Mdoe. Fundi cherehani wa Kwamndolwa, hapa Korogwe. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi. Zamda Mdoe, fundi cherehani wa Kwamndolwa. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka arobaini na tisa. Amezikwa Sindeni, Handeni, kwa wakwe zake. Ameacha mume, Bwana Awadhi Semboja, mfanyabiashara wa mahindi na mbaazi. Ameacha binti mmoja, Shadya.

Mtasikia mitaani kwamba Zamda ameuawa na sukari. Sukari alikuwa nayo, ni kweli. Lakini mwaka jana Zamda alikuwa anaishinda sukari. Alikuwa anaishinda kwa kuogelea. Tukamtoa majini. Nimesema tukamtoa. Na mimi nimo, nitawaeleza nilivyoingia.

Zamda alizaliwa Magoma. Wazazi wake walilima mpunga bondeni, karibu na mto Lwengera. Alipokuwa msichana mdogo alikuwa akiwapelekea kaka zake chakula shambani. Wakishakula, wao huruka mtoni. Yeye huambiwa akae na vyombo. Siku moja akaviacha vyombo ukingoni akajitosa na gauni lake. Kaka yake mkubwa alinisimulia hayo msibani. "Tulidhani tunakwenda kuokoa maiti," alisema. "Tukamkuta ng'ambo, anatucheka. Mndele yule alijifunza kwa kututazama tu." Mndele, kwa wasiotoka kwetu, ni msichana.

Akakua, akajifunza kushona, akaolewa na Bwana Awadhi. Bwana Awadhi ni Mzigua wa Sindeni. Wakahamia Kwamndolwa kwa ajili ya biashara. Zamda akaweka cherehani ya kukanyaga barazani. Sare za shule, magauni ya harusi, mapazia. Miaka ishirini na mitatu alikaa kwenye kile kiti. Anakaa, anashona, anakula hapohapo, anashona. Mwili ukaongezeka mwaka hadi mwaka. Wateja wakamsifu. "Mama Shadya umenawiri." Mumewe akaonekana mwanaume anayetunza. Hakuna aliyemuuliza magoti yanasemaje.

Magoti yalisema. Alianza kuswali amekaa kwenye kiti. Kisha Shadya akaona jambo la ajabu. Mama yake anakanyaga cherehani, kandambili imemtoka mguuni, iko katikati ya baraza, naye hana habari. Shadya akamwambia, "Mama, kiatu." Zamda akatazama chini kama mtu aliyeambiwa habari za mguu wa jirani.

Mwezi wa tatu mwaka jana akaenda kliniki ya sukari. Akapandishwa kwenye mzani. Kilo mia moja na nane. Nasema tena, mia moja na nane. Sukari juu, presha juu. Nesi aliyempokea anaitwa Yasinta. Huyu Yasinta nimezungumza naye wiki hii, na ameniruhusu niyaseme aliyoniambia.

Yasinta alimwambia, "Dada Zamda, fumba macho. Nina uzi mgumu hapa. Nikikugusa nao unyayoni, sema 'hapo'."

Zamda akafumba macho. Akangoja. Akaendelea kungoja. Mwisho akauliza, "Nesi, mbona huanzi?"

Yasinta alikuwa ameshamgusa mara kumi.

Sukari ilikuwa imeshaua hisia za nyayo zake. Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo penye kisa chote, kwa hiyo shikeni. Nyayo za Zamda zilikuwa haziumi tena. Ukikanyaga mwiba, wewe unaruka. Yeye angetembea nao mpaka jioni.

Yasinta akamwambia ni lazima apungue. Akipungua, dawa zitafanya kazi vizuri, presha itashuka, magoti yatapumua. Asipopungua, miaka mitano ni mingi. Halafu akamwambia kitu ambacho watu wengi hawaambiwi. "Usikimbie. Usiruke kamba. Goti lako halitabeba, na unyayo wako hautakuambia ukichubuka. Tafuta baiskeli ya kukaa. Au kuogelea, kama ungekuwa unaweza."

Zamda akacheka mpaka akashika meza. "Nesi, mimi mtoto wa Magoma. Useme tu maji yako wapi."

Maji yalikuwa karibu. Wakazi wa Kwamndolwa mnalijua lile bwawa kwenye shamba la zamani la mkonge, nyuma ya nyumba ya meneja iliyobomoka. Walilijenga Wazungu wa enzi hizo kwa ajili ya kuogelea. Siku hizi linajazwa maji ya chemchemi ya kumwagilia kitalu cha miche. Mlinzi ni Mzee Habakuki, Msambaa wa Lutindi, miaka sabini na miwili, mtu wa kanisani.

Zamda alimfuata. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Naomba maji yako."

"Mama, hapa haogi mtu. Haya ni ya miche."

"Nimeshaoga nyumbani, mzee. Nataka kuogelea."

"Kuna tofauti gani?"

"Anayeoga hutoka alivyoingia. Mimi nataka nitoke pungufu."

Mzee Habakuki alicheka, akaenda kumuuliza msimamizi wa shamba. Msimamizi akasema aingie, ila asitie sabuni. Ndivyo ilivyoanza. Siku nne kwa wiki, baada ya Alasiri, Zamda anafunga cherehani, anakwenda bwawani.

Alijishonea nguo yake mwenyewe. Suruali ndefu na kanzu fupi ya kitambaa cha jezi, maana pamba ikilowa inakuwa nzito kama gunia. Vifundoni mwa miguu na mikono akaweka kamba za kukaza, nguo isipande. Kichwani kofia ya kitambaa hichohicho, inashuka hadi kifuani. Miguuni yeboyebo mpaka kwenye ngazi ya bwawa, maana Yasinta alimwambia asikanyage pekupeku hata hatua moja. Alikuwa amefunikwa kuliko bibi harusi. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu yalisemwa mengine.

Siku ya kwanza hakumaliza upana wa bwawa. Alishika ukingo akahema. Mzee Habakuki, aliyekuwa amekaa amelipa bwawa mgongo, akauliza bila kugeuka, "Mama, uko hai?"

"Nipo, mzee. Niliyekuwa zamani ndiye ananikimbia, bado simpati."

Baada ya mwezi akawa anakwenda urefu mzima na kurudi. Mtindo wa chura akienda, chali akirudi. Baada ya miezi minne akawa anaogelea dakika arobaini bila kushika ukingo. Yasinta alinieleza kwa nini ilimfaa. Ukisimama kwenye maji ya kifuani, maji yanakubebea sehemu kubwa ya uzito wako. Ukilala juu yake ukaogelea, goti halibebi kitu, na unyayo haugusi chini. Lakini mikono inafanya kazi, mgongo unafanya kazi, mapaja, tumbo, mapafu. Kila ukisogea, maji yanakusukuma urudi. Mtu akiogelea kwa bidii anatumia nguvu kama anayekimbia. Tofauti ni kwamba anayekimbia hupiga miguu chini maelfu ya mara, na kila pigo ni uzito wa mwili wote na zaidi.

Yasinta hakumficha upande wa pili. "Ukitoka majini utasikia njaa kali," alimwambia. "Hapo ndipo wengi wanaharibu. Unaogelea saa nzima, unarudi na sahani mbili za ugali." Kwa hiyo Zamda alikuwa anabeba tango na yai la kuchemsha kwenye mkoba. Anakula akivaa viatu, kabla njaa haijamfikisha jikoni.

Mwezi wa nane, Shadya alimkuta mama yake sebuleni. Kile kiti cha kuswalia kimesogezwa ukutani. Zamda yuko kwenye mkeka, amesujudu, paji la uso chini. "Alikaa pale muda mrefu sana," Shadya aliniambia. "Nikaogopa. Nikamwita. Akainua uso, analia, akasema, niache, nina miaka mitatu sijafika hapa chini."

Mwezi wa kumi na moja akapanda mzani. Kilo tisini na moja. Kutoka mia moja na nane hadi tisini na moja. Kilo kumi na saba kwa miezi minane. Sukari imeshuka. Presha imeshuka. Yasinta alipiga makofi kliniki nzima ikageuka.

Wasikilizaji wapendwa, kama tungemwacha hapo, leo ningekuwa napiga muziki.

Mwezi huohuo Bi Mwanaisha, dada mkubwa wa Bwana Awadhi, alikuwa anamwoza binti yake kule Sindeni. Wanawake wa ukoo walinunua kitambaa kimoja, mita nne kila mtu. Mshonaji Zamda. Akawashonea wote. Kwenye kitambaa chake ikabaki mita moja. Hakuitupa, fundi hatupi. Akamshonea bibi harusi mtandio, akautia ushanga, akampelekea kwa mapenzi yote.

Bi Mwanaisha akaushika mtandio. "Hiki kimetoka wapi?"

"Kimebaki kwenye changu, wifi."

"Kwenye mita nne? Changu mie hakikubaki hata cha kufungia kidole!"

Wanawake wakacheka. Kisha mmoja akanyamaza, na mwingine, na wote wakawa wanamtazama Zamda. Shingo. Mashavu. Mifupa ya mabega.

"Wifi, unaumwa?"

"Siumwi. Naogelea."

"Unaogelea." Bi Mwanaisha alilisema polepole, kama mtu anayeonja chakula kilicholala. "Tulikuchukua Magoma ukiwa na mwili wako. Watu wa kwenu wakiona mashavu hayo watatuuliza tumekulisha nini. Wewe unaogelea, mimi ninaambiwa kaka yangu hali wala halishi."

Nyie mnajua ilivyo kwetu. Mke akinenepa, ukoo wa mume umesifiwa. Mke akipungua, ukoo wa mume umeshtakiwa. Mwili wa Zamda ulikuwa cheti cha watu wengine. Magonjwa aliyotajiwa nyuma ya mgongo wake siku ile ya harusi siyataji hapa. Mnayajua, kwa sababu mnayataja kila mtu anapopungua.

Wiki moja baadaye kikao kikakaa Kwamndolwa. Bi Mwanaisha, wajomba wawili, Bwana Awadhi, na Zamda. Shadya alikuwa anapeleka chai, akayasikia yote.

"Mke wa mtu," mjomba mmoja akasema, "nguo zimelowa, mlinzi anaangalia."

Zamda akajibu, "Mzee Habakuki akikaa hugeuzia uso kwenye mkonge."

"Mkonge hauna macho. Yeye anayo."

Bi Mwanaisha akaleta hoja iliyowakaa wote vichwani. "Tuseme ni mazoezi kweli. Mafuta yanatoka kwa jasho, hilo hata mtoto anajua. Wewe umo kwenye maji baridi, jasho litatoka wapi? Kama hutoki jasho na unakonda, basi kinachokukondesha ni kingine."

"Wifi, nesi amenipima."

"Nesi mtoto wa juzi. Wenzio wanaotaka kupungua wanakimbia barabarani, watu tunawaona, fulana zimelowa chapachapa. Hayo ndiyo mazoezi. Yako ni ya kujificha."

Wakamgeukia Bwana Awadhi. Bwana Awadhi ni mtu mpole. Upole wake siku ile ulikuwa hasara. Akasema, "Mimi haya mambo siyajui. Yuko yule kocha wa redioni, kila mtu anamsikiliza. Mpigie. Akisema maji yanapunguza mwili, endelea. Akisema hayapunguzi, basi."

Yule kocha wa redioni ni Kocha Ernesti, wa Klabu ya Jasho Letu. Redio ni hii hii mnayoisikiliza. Na mtangazaji aliyekuwa anakaa naye kila Alhamisi asubuhi ni mimi.

Simu ninaikumbuka. Nimekwenda kuisikiliza tena kwenye kompyuta ya studio ili nisimsingizie mtu, wala nisijipunguzie.

Sauti yake ni ya mtu aliyejiandaa. "Hamjambo hapo studio? Naitwa mama Shadya, wa Kwamndolwa. Nina swali kwa kocha. Mimi naogelea. Nimepungua kilo kumi na saba. Nauliza, kuogelea kunapunguza mwili au hakupunguzi?"

Sikieni swali lenyewe. Jibu limo ndani. Kilo kumi na saba. Mtu mwenye masikio angemwambia, mama, wewe ndiye utufundishe. Angemuuliza, una sukari? Miguu yako ikoje? Nani amekushauri? Hatukuuliza hata moja.

Kocha Ernesti alisema, "Mama, ukitoka majini umelowa mwili mzima. Utajuaje lipi jasho, yapi maji?"

Nikadakia mimi. Ninanukuu maneno yangu. "Basi aonje, kocha! Likiwa na chumvi ni jasho!"

Tukacheka. Fundi mitambo akacheka. Nikaweka na ule mlio wa kicheko tulionao, kwa kubonyeza kitufe. Kisha nikasema, "Mama Shadya, achana na maji, karibu Jumamosi tukatoe jasho la kweli."

Akasema, "Nimesikia. Asanteni." Akakata.

Mimi nilikwenda kunywa chai. Nyumbani kwa Zamda, mumewe alikuwa amekaa karibu na redio, na Bi Mwanaisha alikuwa anasikiliza kule Sindeni. Hukumu ilikuwa imeshatoka. Shadya anasema mama yake hakulia. Alichukua ile nguo ya jezi, akafumua mishono yote, kamba moja baada ya nyingine. Akaikata, akashona foronya mbili za mito.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, Zamda alikwenda kwenye mchakamchaka. Kutoka Kwamndolwa hadi Manundu na kurudi. Raba za mtumba, nambari moja pungufu, kwa sababu aliambiwa zikibana ndipo mguu hautelezi. Chini ya fulana alivalishwa mfuko mweusi wa nailoni, uliotobolewa matundu ya kichwa na mikono, ili jasho litoke zaidi. Kabla ya kuondoka walimpima. Waliporudi wakampima. Kilo mbili zimepungua kwa asubuhi moja!

Watu wakapiga vigelegele. Kocha akamwinua mkono. "Mama Shadya, maji yalikupa hii?"

Zamda alikuwa anahema, macho mekundu, lakini mdomo wake haukuwa umekufa. "Kocha, nipe kikombe cha maji, uone kilo zako zinavyorudi."

Alijua. Wasikilizaji, huyu mama alijua kuliko sisi wote. Kilichopungua kwenye mzani kilikuwa maji ya mwili. Jioni yalikuwa yamerudi yote. Jasho ni mwili unajipoza. Mafuta hayachuruziki kwapani. Mtu anaweza kutoka jasho ndoo nzima amekaa chini ya paa la bati, na asipungue hata ratili. Haya amenifundisha Yasinta wiki hii. Ningeweza kumuuliza mwaka jana, kliniki iko hatua chache kutoka hapa studio.

Na sisemi kukimbia ni kubaya. Anayekimbia na miguu mizima, goti zima, kiatu kizuri, akimbie. Anayetembea atembee. Zamda aliambiwa na aliyempima kwamba yeye asikimbie. Tukamkimbiza.

Alikwenda Jumamosi nne. Magoti yakavimba. Kiti cha kuswalia kikarudi katikati ya sebule. Jumamosi ya nne alirudi nyumbani, akavua raba mlangoni, akaingia jikoni kunywa maji. Shadya alikuwa anapiga deki. Akaona alama nyekundu sakafuni, moja, nyingine, nyingine.

"Mama, nani ameumia?"

"Wapi?"

"Sakafuni hapa. Kuna damu."

Zamda akainama, akatazama. Akazifuata zile alama kwa macho, kutoka mlangoni mpaka jikoni, mpaka zilipoishia. Zilikuwa zimeishia chini yake.

Kwenye raba ya kulia kulikuwa na kokoto. Si kubwa kuliko punje ya hindi. Alikuwa amekimbia nayo safari nzima, na unyayo haukumwambia. Ilikuwa imechimba mpaka ndani.

Kidonda cha mtu mwenye sukari si kidonda chako wewe. Alikiosha kwa maji ya chumvi. Klabuni walimwambia ni lengelenge la kawaida, kila mkimbiaji hupata. Hakikumuuma, kwa hiyo akaendelea kukanyaga cherehani, sare za Januari zilikuwa zimerundikana. Hakurudi kliniki. Shadya alimuuliza kwa nini. Akajibu, "Nitamwambia nini Yasinta? Alinikataza." Aliona haya. Sisi tuliomcheka hatukuona haya, akaiona yeye.

Alipopelekwa hospitali mguu ulikuwa unanuka. Februari wakamkata vidole viwili. Machi wakamkata mguu chini ya goti. Madaktari walifanya kilichowezekana, familia imeniomba niliseme hilo. Lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Bi Mwanaisha alikwenda kumwona. Akakaa pembeni ya kitanda, hajui pa kuweka macho. Zamda akamwambia, "Wifi, karibu. Sasa nimepungua kwa njia yenu. Mguu mzima kwa mara moja."

Bi Mwanaisha alitoka nje akashika ukuta. Nilizungumza naye msibani, na hakujificha. "Mwanangu, mimi nilimpenda," aliniambia. "Nilitaka abaki na mwili wake, watu wasimseme. Nikawa ndiye niliyemsema." Akajifunika uso kwa khanga, na sikumwongezea swali.

Bwana Awadhi nilimkuta amekaa chini na wanaume wenzake. Alisema jambo moja tu. "Nilikuwa naona anapumua vizuri usiku. Mimi nilikuwa nalala naye, nilikuwa nasikia. Kwa nini nilimpeleka redioni?"

Redio ilikuwa imesimama mbele yake, imevaa ushungi, imeleta rambirambi.

Mzee Habakuki alifika Sindeni kutoka Kwamndolwa, peke yake, na koti lake la kanisani. Waislamu wa pale hawakumjua, wakamuuliza ni nani wa marehemu. Akasema, "Mimi ni yule mwenye macho." Wale wajomba wa kikao walikuwepo. Wakamwachia nafasi kwenye mkeka.

Nimemkaribisha Kocha Ernesti hapa leo, akaomba asije. Amesema niwaambie kwamba na yeye alifundishwa hivyo na waliomtangulia, na kwamba amesikitika. Namwamini. Lakini kipindi cha Alhamisi hakipo tena, na nimeomba mwenyewe kifutwe. Saa ile amepewa Yasinta. Hana sauti ya redio, anakohoakohoa, na hajui kuchekesha. Msikilizeni.

Kuna jambo la mwisho. Jana klabu ilileta tangazo, nilisome leo. Nimelishika hapa mkononi, muisikie karatasi. Wanaandaa mchakamchaka wa kumuenzi Zamda Mdoe, Jumamosi hii, kutoka Kwamndolwa hadi Manundu, kila mmoja avae fulana yenye picha yake. Wana nia njema. Nilimpigia Shadya kumuuliza kama familia imekubali. Akasema, "Dada Maryamu, mama yangu alikimbia ili watu waridhike. Naomba msimkimbize tena."

Kwa hiyo hilo tangazo silisomi. Klabu ikitaka kumuenzi, Jumamosi hiyo ikae kimya.

Bwana Awadhi Semboja, pole. Shadya, pole mdogo wangu, na nisamehe, ingawa sikudai unisamehe. Ndugu wa Magoma, mliowapa watu binti anayejua maji, poleni. Bi Mwanaisha na ukoo wote wa Sindeni, poleni. Mwenyezi Mungu amrehemu Zamda, ampe mapumziko yasiyo na macho ya watu wala mzani.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, sitawaombeni dakika ya kukaa kimya. Nawaomba dakika ya kazi. Kama una sukari, au uliye naye nyumbani ana sukari, vueni viatu sasa hivi, hapo mlipo. Geuza unyayo, utazame. Tazama katikati ya vidole. Huwezi kujikunja, mwite wa nyumbani akutazamie. Ukiona mchubuko, hata usiouma, hasa usiouma, kesho asubuhi uwe kliniki, na ukiona haya, nenda na haya zako.

Ninazima kipaza sauti. Hakutakuwa na muziki. Tazameni.